Vim na hadithi ya mwendokasi

Juzi tena. Niko kwenye Vim, kihariri cha maandishi kinachoendeshwa kwa vitufe tu, kijana wa fildi hapa ofisini Kijitonyama kasimama nyuma yangu: "Kaka, hivi hiyo Vim bado watu wanaitumia?" Kabla sijajibu, mwenzake akadakia: "Wanaitumia kwa sababu unachapa haraka." La kwanza nimelizoea. La pili ndilo linalonichefua.

Haraka ya nini? Siku nzima nachapa kidogo tu. Muda mwingi nimekodolea macho mafaili ya watu. Anayetaka mwendokasi akapande basi pale Kimara.

Shikeni hili: Vim ina sarufi. Bonyeza `d`, umesema "futa". Futa nini? Inangoja, kama kitenzi kilichokosa yambwa. Ongeza `iw`, limeondoka neno. Ukiweka `ip`, imeondoka aya nzima. `ci"` inafagia kilichomo ndani ya alama za kunukuu na kukuacha humo humo uandike kipya. Halafu kuna nukta, ambayo inarudia badiliko la mwisho. Siku ile nilikuwa na faili la mipangilio, anwani ya seva ya zamani imetajwa mara kumi na saba, na tatu kati ya hizo zilitakiwa zibaki. Nikaitafuta ya kwanza, `ci"`, nikaandika mpya, kisha Esc, ya kuacha kuandika na kurudi kwenye amri. Kisha `n` ya kwenda inayofuata, nukta. `n`, nukta. `n`, hii iache. `n`, nukta. Kijana akasema, "Ngoja kaka, rudia."

Sidhani niliokoa hata dakika tano. Ila macho hayakutoka kwenye kazi, na swali la ipi ibaki halikunipotea kichwani.

Kuhusu uzee wa Vim, sibishi. Bill Joy aliandika vi, mama yake Vim, mwaka 1976 kule Berkeley, akiwa nyumbani na modemu ya kujikongoja ya baudi 300, ndiyo maana amri zake ni herufi moja moja. Mimi nikiwa kwenye daladala la Mbagala, bando linapumulia mashine, nimeingia kwenye seva kwa simu, namwelewa kabisa. Vim yenyewe ni ya Bram Moolenaar, 1991. Ifungue bila faili uone inavyokuomba uwasaidie watoto wa Uganda: Bram alijitolea Kibaale, na hakuwasahau mpaka alipofariki 2023.

Sasa la aibu. Nikitakiwa kubadili jina la kitu kwenye mafaili arobaini ya programu ya Java, nafungua kihariri kingine kimyakimya. Na sina hakika kama ningeanza leo ningevumilia zile wiki mbili za mwanzo. Nilijifunza kwa sababu seva niliyokabidhiwa haikuwa na kingine. Huenda mengine yote ni mazoea niliyoyatafutia sababu baadaye.

Jana nimemkuta kijana kaweka vitufe vya Vim ndani ya VS Code yake, kihariri cha kisasa. Ananiita, amekasirika, nukta haifanyi kazi. Naangalia skrini: nukta zimejaa mstari mzima. Hajabonyeza Esc.