"Nisamehe kama nimekukosea" haitoshi

Ramadhani ikikaribia, simu za Unguja na Pemba hujaa ujumbe mmoja: "Nisamehe kama nimekukosea." Ni ada njema, na naipenda. Lakini wengi tunaamini ujumbe huo unafuta hata lile neno tulilomchoma nalo mtu mbele ya watu. Haufuti.

Tatizo ni hilo "kama". Ulimwambia wifi yako kule Wete, mbele ya wageni wa harusi, kwamba hazai. Unajua umemkosea, naye anajua. "Kama" inamtwika yeye kazi ya kuthibitisha jeraha lake. "Nilikuwa natania" ni vivyo hivyo.

Kunradhi ni neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake "uwe radhi". Unauomba moyo wa mwenzio uridhike, na hauwezi kuridhika kwa jambo lisilotajwa. Wanazuoni nao husema toba ni kuacha kosa, kulijutia na kuazimia kutolirudia. Likihusu haki ya mja, huongeza la nne: kumrudishia haki yake au kumtaka radhi.

Basi nenda, piga hodi. "Wifi, niwie radhi. Neno nililokwambia harusini halikuwa la kusema, na nimekuumiza." Kisha nyamaza. Akilia, mwache alie.

Na kwa kuwa ulimvunjia heshima hadharani, waendee waliosikia uwaambie ulikosea. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Asiposamehe siku hiyo, usimdai jibu. Huenda akalileta mwenyewe Idi ikishapita.