Kijana ameumia uwanjani: usimchue

Mazoezi ya UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, yakianza, benchi la nje ya chumba changu cha kuonea wagonjwa hujaa wanafunzi. Wengi hawaji siku waliyoumia. Wanakuja baada ya wiki, mguu au mkono ukinuka mafuta ya kuchua. Haya ndiyo ninayoulizwa na wazazi na walimu wa michezo.

Ameteguka kifundo cha mguu kwenye mpira. Nimkande na maji ya moto na kumchua ili uvimbe ushuke?

Hapana. Usimchue, na maji ya moto yaache jikoni. Jeraha bichi linavuja damu kwa ndani. Joto na kuchua huzidisha kuvuja, uvimbe ukapanda. Na kama mfupa umevunjika, vidole vya mchuaji ndivyo vitakavyousogeza.

Kuteguka na kuvunjika si tofauti kabisa?

Kuteguka ni kano zinazoshika kiungo kuvutika au kuchanika. Kuvunjika ni mfupa. Ila kwa anayekua kuna jambo la tatu. Karibu na ncha za mifupa yake mirefu kuna tabaka laini la gegedu, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Kwa wasichana wengi tabaka hilo hukomaa na kuwa mfupa kwenye miaka 13 hadi 15, wavulana 15 hadi 17. Kabla ya hapo, tabaka hilo mara nyingi ni dhaifu kuliko kano zenyewe. Anguko ambalo kwa mtu mzima lingekuwa kuteguka tu, kwa mtoto linaweza kuwa limevunja palepale anaporefukia. Tabaka hilo likiharibika, mfupa unaweza kukua umepinda au kubaki mfupi.

Lakini mtaani kwetu yupo mzee anayechua na watu wanapona.

Wanaopona wengi walikuwa wameteguka kidogo, wangepona hata wasingechuliwa. Waliovunjika nawaona mimi.

Binti mmoja wa netiboli, miaka 12, aliangukia kiganja. Bibi yake alimleta siku ya 13. Alikuwa ameushikilia mkono wa kulia kwa wa kushoto kama aliyebeba yai, na kifundo kimejipinda kama mgongo wa uma. Alikuwa amechuliwa asubuhi na jioni, analia, anaambiwa avumilie. Mifupa ya watoto huunga upesi. Wake ulishaanza kuunga ukiwa umepinda, na kuulazimisha unyooke wakati huo kungeweza kuliumiza zaidi lile tabaka. Angeletwa siku ileile, ungenyooshwa, akafungwa hogo (plasta ngumu), basi.

Narudia: usimchue. Hata taratibu. Hata kwa mafuta ya karafuu.

Nitajuaje kama amevunjika?

Kwa macho hutajua, hata mimi natumia eksirei. Mlete siku hiyohiyo kama hawezi kutembea hatua 4, ukibonyeza mfupa anaruka, kiungo kimepinda, au vidole vimekufa ganzi, vimepoa au vimepauka.

Njiani nifanye nini?

Mtoe uwanjani. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, kisha pumzisha. Inua mguu, mkono utundike kwa kanga shingoni. Palipopinda usinyooshe, funga na kadibodi ngumu palivyo.

Fainali ni kesho. Apigwe sindano ya diklofenaki acheze?

Hapana, mwalimu. Sindano inanyamazisha maumivu, mfupa unabaki umevunjika. Atakimbia juu yake mechi nzima na ufa mdogo utakuwa mkubwa. Kombe litakuwepo mwakani.

Amegongwa kichwa, akapoteza fahamu kidogo, sasa anasema yuko sawa.

Leo hachezi tena, hata akilia, na aonwe na daktari leo. Akitapika, akisinzia ovyo, akichanganyikiwa au kichwa kikizidi kuuma, hospitali mara moja.

Ana homa, lakini ndiye mkimbiaji wetu tegemeo.

Apimwe malaria. Hakimbii.

Tumeshamchua siku 3. Naogopa kugombezwa.

Sitakugombeza, mama. Acha kuchua sasa hivi, mlete leo na si Jumatatu, uniambie ukweli: aliangukaje, amechuliwa mara ngapi, amepewa dawa gani. Usimfute mafuta kwa kusugua ili nisiyaone. Mlete na mafuta yake.