Si Uganda waliofurisha Dunga

Mteja anayetaka ploti karibu na Ziwa Victoria hapa Kisumu, iwe Dunga, Usoma au Nyamware, huniambia yaleyale: "Injinia, haya maji ni ya muda. Uganda wamefunga mageti ya Jinja. Wakifungua, yatarudi." Kisha anataka nimpimie mipaka katikati ya mafunjo. Nimechoka kuyasikia, maana watu wanazika akiba ya maisha kwenye maneno hayo.

Bwawa lipo kule Jinja, mji wa Uganda ambako Nile inatoka ziwani, hilo sibishi. Tangu 1954, maji yanayotoka Ziwa Victoria kuingia Nile hupitia Owen Falls, ambalo leo ni Nalubaale, na baadaye likajengwa bwawa la Kiira kando yake. Lakini piga hesabu. Ziwa lina kilomita za mraba 68,800 hivi, kwa hiyo kuliinua mita moja kunataka mita za ujazo bilioni 68.8. Tuseme zinatoka mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, kiasi kisicho mbali na wastani wa miaka mingi. Ziba kabisa, tone lisipite: utangoja zaidi ya miaka miwili kuipata hiyo mita. Ziwa lilipanda zaidi ya mita moja kati ya Oktoba 2019 na Mei 2020. Miezi saba! Geti gani lingeweza hayo?

Kufungua nako ni vivyo hivyo. Hata wakiachilia 2,000 kwa sekunde, ziwa litashuka milimita mbili na nusu kwa siku, na mvua moja nzito juu ya ziwa zima inarudisha kazi ya siku kadhaa. Ndiyo, juu ya ziwa lenyewe: kama asilimia 80 ya maji yanayoliingia ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja, wala si mito ya Nzoia, Yala na Nyando tunayoitazama kila siku.

Asiyeamini apande matatu hadi Nakuru. Ziwa la kule halina bwawa wala mto unaotoka, na halina uhusiano wowote na Jinja. Bado lilipanda hadi likameza lango kuu la zamani la hifadhi. Baringo vilevile. Hao nao wamefungiwa na Uganda?

Simaanishi kwamba bwawa halijawahi kulaumika. Kati ya 2004 na 2006 maji yaliachiliwa kupita kiwango kilichokubaliwa, ukame nao ukaongezea, ziwa likashuka sana. Angalieni basi: kosa lilipokuwepo kweli, lilikuwa la kufungua kupita kiasi.

Wengine husema mtambo wa umeme wa Sondu Miriu ungezuia mafuriko. Hauwezi. Mtambo ule hutumia maji yanavyopita, na bwawa lake ni dogo mno kuhifadhi mafuriko. Budalangi nako, kwenye mabonde ya chini ya Mto Nzoia, wanalaumu ziwa peke yake, wakati Nzoia inashuka na mvua ya Cherangany na Elgon, na kingo zikipasuka maji yanaingia mashambani hata ziwa likiwa limetulia. Gugu maji hufunga bandari na kuharibu nyavu. Halijazi ziwa.

Ninachowasisitizia wateja, na wengine hukasirika, ni hiki: usiulize maji yatarudi lini, uliza yaliwahi kufika wapi. Mwaka 1964, baada ya zile mvua kubwa za miaka ya Uhuru, na tena 2020, ziwa lilifika karibu pale pale, mita 13.4 kwenye kipimo cha kimo cha maji kilichoko Jinja. Angalau mara mbili katika umri wa mtu mmoja. Dalali hatakwambia. Nenda kwa nyanya wa boma jirani, mwombe akuoneshe kwa kidole maji ya Uhuru yalipoishia, kisha leta mtu mwenye kifaa cha kupimia kimo. Ploti ikiwa chini ya hapo, bei nafuu isikuvute: ulime mboga msimu wa kiangazi ukitaka, lakini msingi wa nyumba usichimbe.