Seli tupu na ile "NA" inayotisha wanafunzi

Juzi mwanafunzi mmoja wa kilimo alinijia na kompyuta yake mkononi, ameshaifungua kabla hata ya kuketi. "Shikamoo Mwalimu. Programu imeniandikia NA. Nimekosea wapi?"

Hakukosea. NA ni kifupi cha "not available", yaani "haipatikani". Alipanda aina tatu za mahindi, tuziite A, B na C, kila moja bila mbolea, kwa samadi na kwa urea. Mbegu ya C ikamwishia kabla hajafika kwenye ploti za urea, katika marudio yote. Wastani wake, kwa tani kwa hekta, ulikuwa hivi (tarakimu nimezirahisisha):

A: bila mbolea 2.0, samadi 3.0, urea 3.6
B: bila mbolea 2.4, samadi 3.2, urea 4.2
C: bila mbolea 1.6, samadi 2.8, urea hakuna (hii ndiyo seli tupu)

Alitaka kujua C ingetoa kiasi gani kwenye urea. Nikamwambia aiulize R, ile programu yake ya takwimu, modeli ikiwa na mwingiliano wa mbegu na mbolea, yaani kila mbegu iruhusiwe kuitikia mbolea kwa namna yake. Ikajibu 3.2. Nikamwomba abadilishe jambo moja tu: B iwe mbegu ya kulinganishia badala ya A. Ikajibu 3.4. Tukaibakiza B palepale, tukaifanya samadi kuwa mbolea ya kulinganishia: 3.8. Data ni ileile, hata punje moja haijaongezeka. Kijana akanyamaza.

Programu ikikuta kigezo (namba ya modeli inayotafutwa kwenye data) isichoweza kukikadiria, hukiandikia NA na kukiondoa, yaani hukihesabu kuwa sifuri. Ukianzia A na ploti zisizo na mbolea, sifuri hiyo inadai kwamba urea ingeiongezea C tani 1.6 kama ilivyoiongezea A, 1.6 juu ya 1.6 ni 3.2. Ukianzia B, nyongeza inakuwa 1.8. Dai limebadilika kimyakimya, na ndiyo maana ile NA naiheshimu: ni programu inasema ukweli. SAS, programu nyingine ya takwimu, nayo huandika "Non-est" (haikadiriki) kwa sababu hiyohiyo.

R. C. Bose, mtakwimu wa India, aliliweka wazi jambo hili mwaka 1944. Mchanganyiko wa vigezo unakadirika ikiwa unaweza kuujenga kwa kujumlisha na kutoa thamani tarajiwa (wastani wa kweli) za vipimo ulivyonavyo, kila moja na uzito wake. Usipojengeka hivyo, haukadiriki, hata ukirudia zile seli nyingine mara elfu. Ukijengeka, jibu ni lilelile popote utakapoanzia. Jaribio la kubadilisha mbegu ya kulinganishia nawafundisha wanafunzi wote, maana linafanyika kwa dakika moja na halihitaji aljebra ya matriki.

Kinachoniumiza zaidi ni kosa lisilotoa NA yoyote. Katika rasimu yake alikuwa ameandika kwamba C ina wastani wa 2.2 na A 2.87, kwa hiyo C iko nyuma kwa 0.67. Lakini A imebebwa na urea, ambayo C haikuionja. Kwenye hali mbili ambazo A na C zote zilipandwa, A ina 2.5 na C 2.2. Pengo ni 0.3, na hilo linakadirika. Mkulima akisoma 0.67 anaweza kuitupa mbegu ambayo haijashindwa kiasi hicho. Mwingiliano nao bado unapimika, ila kwa digrii 3 za uhuru (idadi ya milinganisho huru iliyobaki) badala ya 4.

"Na ile kanuni ya Yates, Mwalimu?" Alikuwa amesoma. Frank Yates, mtakwimu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alieleza mwaka 1933 namna ya kuziba pengo la ploti iliyopotea, na hapa hesabu yake inatoa 3.45. Ni sahihi kabisa iwapo mbegu na mbolea haziingiliani. Kwa ploti moja iliyoharibika ndani ya bloku (kundi la ploti zinazofanana), dhana hiyo mara nyingi inavumilika. Lakini utafiti wa kijana huyu uliuliza hasa kama mbegu hizi zinaitikia mbolea kwa namna tofauti. Akiweka 3.45 pale, atakuwa amejijibu swali lake kabla ya kulipima.

Tukagawa jedwali mara mbili: mbegu zote tatu kwa bila mbolea na samadi, kisha A na B kwa mbolea zote. Kwenye seli ya C na urea aliandika "haikupandwa", akaniuliza bei ya kilo mbili za mbegu ile kwa msimu ujao.