Joto la Unguja si dawa ya kitridi

Kila tunapotoka kwenda kupima vyura, msemaji hubadilika, maneno ni yaleyale: "Huo ugonjwa wa vyura ni wa milimani huko, kwenye baridi. Huku kwetu joto, hauwezi kuishi." Baada ya hapo hufuata ombi la kuruka hatua ya kusafisha mabuti ili tusihamishe ugonjwa, maana ndoo nzito, Jik inanuka na gari linasubiri. Haya, tulizungumze hapa mara moja, ili atakayeuliza tena nimtumie kiungo tu.

Namba wanayoishikilia ni ya kweli. Kitridi, ukungu unaoleta ugonjwa huo (Batrachochytrium dendrobatidis), maabara hukua vizuri kati ya nyuzi 17 na 25. Kwenye 28 hukwama, na ukikiweka kwenye 30 kwa siku kadhaa, sehemu kubwa hufa. Mtu akishaona Februari mjini ni nyuzi 32 kivulini, anafunga daftari.

Lakini nyuzi 32 za nani? Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa kimo ndani ya kisanduku cheupe, juu ya ardhi, mahali pakavu. Chura hayumo kwenye kisanduku. Ngozi yake haizuii maji kutoka, na maji yakigeuka mvuke huondoka na joto, kwa hiyo chura aliyetulia kivulini huwa baridi kuliko hewa inayomzunguka. Ukitaka kukisia joto lake, vika kipimajoto kitambaa kibichi ndipo usome. Tena wengi wao hutoka usiku. Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, usiku wa Unguja hushuka hadi kama nyuzi 22, na hizo ni nyuzi ambazo kitridi kingezichagua chenyewe kama kingeulizwa. Kaskazi ikirudi, mzigo wa vimelea unaweza kupungua. Lakini ukungu hauhitaji kustawi mwaka mzima. Unahitaji kutokufa tu, na Kipupwe kingine hakiko mbali.

Mchukue Mertensophryne micranotis, yule chura mdogo wa msituni aliyepo Jozani. Hutaga kwenye maji machache mno: shimo la mti, ganda tupu la konokono, kifuu cha nazi kilichotupwa. Maji yale yako chini ya miti, chini ya majani makavu, na jua la saa sita haliyafikii. Sasa linganisha na Hyperolius, chura wa matete, anayekaa mchana kwenye jani la tete katika bonde la mpunga, jua likimpiga mgongoni. Wote ni vyura wa Unguja, na hewa kwenye ramani ni ile ile. Anayesema "joto la Zanzibar" kana kwamba ni kitu kimoja, amemchanganya mpangaji wa ghorofa ya chini na yule wa chini ya bati.

Imani hii ina mzizi wake, siikatai yote. Kuna majaribio ya maabara ambapo vyura wa Australia, Litoria chloris, waliokuwa wameambukizwa waliwekwa kwenye nyuzi 37 kwa vipindi viwili vya saa nane, wakapona. Joto ni tiba kweli. Nionyesheni basi chura wa msitu wa Ngezi, Pemba, anayepata nyuzi 37 kwa saa nane mfululizo kwa hiari yake. Kabla hajafika huko atakuwa ameingia chini ya gogo, na chini ya gogo ndiko kwenye unyevu na ubaridi.

Kuambukizwa na kuugua ni mambo mawili, hapa nitapita haraka. Zuspora, yaani mbegu ndogo za ukungu huu, huogelea kwa mkia mmoja, huingia kwenye ngozi yenye keratini (protini ngumu kama ya kucha), hukomaa na kumwaga zuspora nyingine. Kiluwiluwi ana keratini mdomoni tu, ndiyo maana anaweza kubeba ukungu wiki nyingi bila kufa, akaja kufa akishageuka chura. Mtu mzima anapozidiwa, ngozi hushindwa kupitisha chumvi, sodiamu na potasiamu hushuka damuni, na moyo husimama. Wapo wanaobeba na wasiugue kamwe. Kwa hiyo "mbona sioni mizoga" si ushahidi. Pwani yetu kunguru, siafu na kaa humaliza mzoga wa chura kabla ya asubuhi.

Hapo vitabu hupenda kuweka kizingiti: zuspora 10,000 kwa chura mmoja, akivuka anakufa. Namba hiyo ilitoka kwa vyura wa milima ya Sierra Nevada, California. Kuwapachika vyura wa Cheju namba ya vyura wa kwenye theluji ni uvivu. Mimi mwenyewe nikiona matokeo ya zuspora moja au mbili huwa sijui niyaite maambukizi au uchafu wa glavu, na ninayemwamini ni yule anayerudia kipimo mara tatu kabla ya kuandika chochote.

Kisha kuna Kihansi, ambako kila mjadala wa kitridi Tanzania huishia. Vyura wa Nectophrynoides asperginis waliishi kwenye manyunyu ya maporomoko, Udzungwa. Bwawa la umeme likachepusha maji mwaka 2000, vikawekwa vinyunyizio, na mwaka 2003 idadi ikaporomoka. Kitridi kilikutwa. Mwaka 2009 IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ikatangaza kwamba wametoweka porini. Waliobaki ni kizazi cha vyura 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000, na kuanzia 2012 walianza kurudishwa bondeni. Mpenzi wa joto husema: umeona, kulikuwa na manyunyu baridi. Na kitabu husema: kitridi kiliwaua. Yote mawili yamerahisishwa mno. Manyunyu yalikuwa yamepungua, kulikuwa na shaka ya viuatilifu vilivyosukumwa na tope la bwawa, na ukungu ukaja juu ya yote hayo. Kutenganisha mchango wa kila kimoja baada ya mizoga kuoza ni kazi ambayo sijaona mtu akiimaliza kwa namna ya kunishawishi.

"Lakini tulipima vyura 20, wote hasi!" Hesabu ni fupi. Ukipima 20 bila kumpata hata mmoja, bado inawezekana karibu asilimia 14 ya vyura wa pale wana maambukizi, kwa uhakika wa asilimia 95. Ukitaka kusema kiwango hakifikii asilimia 10, pima 29. Kwa asilimia 5, pima 59, na hapo umedhani kipimo hakikosei kamwe. Kipimo kikikamata wanane katika kila kumi walioambukizwa, 59 inakuwa 74. Na ukichukua zote Februari saa nane mchana, umepima msimu ambao ukungu unaweza kuwa chini kabisa. Nenda Julai na Agosti, usiku.

Swabu ifanywe hivi: glavu mpya kwa kila chura, mfuko mpya kwa kila chura. Pitisha kijiti cha pamba mara tano tumboni, mara tano kila paja, mara tano kila mguu wa nyuma kwenye utando wa vidole. Zungusha kijiti unapopitisha, usisugue kama unang'arisha sufuria. Chura mwenye tope msuuze kwanza kwa maji safi, kwa sababu tope na rangi ya majani yaliyooza huzuia PCR, kipimo kinachosoma vinasaba vya ukungu, halafu unaletewa "hasi" ambayo ni mashine kushindwa kusoma tu. Kijiti kikae kikavu, ndani ya kisanduku cha barafu. Kwenye dashibodi ya gari vinasaba vitaharibika kabla ya feri.

Sasa mabuti. Sugua tope kwanza kwa brashi na maji, maana tope hula klorini. Kisha klorini ya asilimia 1 kwa angalau dakika moja. Jik ya asilimia 3.5 ni vikombe viwili kwa vikombe vitano vya maji. Soma chupa, viwango hutofautiana, na iliyokaa juani hudhoofika. Ethanoli ya asilimia 70 huua kwa sekunde 20, inafaa mikasi na rula. Maji ya moto ya nyuzi 60 kwa dakika tano yanafaa nyavu. Suuza mbali na dimbwi, klorini huua viluwiluwi vilevile.

Kuanika juani kunafaa, ila si kwa sababu ya miale. Mwanga wa jua wenyewe haukitishi kitridi. Kinachokiua ni kukauka kabisa, saa tatu kavu kweli. Masika, buti lililoning'inizwa barazani halikauki hata siku mbili, na kitambaa cha ndani ndicho cha mwisho. Kwenye maji ya ziwa, kitridi kimedumu maabara wiki saba. Buti lenye maji ndani likitoka Udzungwa leo, kesho liko Jozani likiwa bado limebeba mzigo wake.

Mkikuta vyura kadhaa wamekufa pamoja, msiwachukue waliovimba na kunuka, hawana tena ngozi ya kusoma. Chagua wabichi wa saa chache. Chukua swabu kwanza, kisha kata kidole kimoja cha mguu wa nyuma na ukitie kwenye ethanoli ya maabara, si spiriti ya dukani ambayo imechanganywa vitu. Mwili uliobaki uende kwenye friza. Lebo iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya chupa, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli.