Chakula cha kuchangia: pika kinachojua kusubiri

Mtu akiniuliza apike nini kwa shughuli ambayo kila mgeni anakuja na chakula chake, mara nyingi huwa ameshachagua kile anachosifiwa nyumbani. Mimi kazi yangu ni kupikia shughuli na kupeleka vyakula, kwa hiyo huwa nauliza kwanza: kikishaepuliwa, kitaliwa baada ya muda gani? Chakula cha kuchangia kinafunikwa, kinabebwa, kinatikisika njiani, kinasubiri wageni wanaochelewa, kinasubiri salamu na hotuba. Saa mbili au tatu zinapita kabla mtu hajachota. Hizo ndizo za kufikiria unapochagua.

Vya kukaanga ndivyo vinavyoumbua watu zaidi. Ganda linalovunjika mdomoni limekauka kwa sababu mafuta ya moto yamefukuza maji. Ukikifunika chakula hicho kingali cha moto, mvuke unapanda, unakutana na kifuniko, unarudi chini maji. Fungua chombo baada ya nusu saa: matone yamejipanga chini ya kifuniko, karatasi imelowa, na kipande cha samaki kinapinda badala ya kuvunjika. Oveni inaweza kukifufua kidogo, ila jikoni kwa mwenyeji kutakuwa na foleni ya wanaotaka kupasha.

Wali nao una mambo yake. Ukipoa, wanga unajipanga upya na punje zinakuwa ngumu, tena upesi zaidi ndani ya friji. Hilo ni dogo, maana ukipashwa unalainika. Kubwa ni bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Mbegu zake hustahimili kuchemshwa; wali ukiachwa vuguvugu zinaamka, bakteria wanazaana, na wengine hutoa sumu ambayo hata ukipasha mpaka ufuke moshi haiondoki. Kama lazima upeleke wali, uwe wa moto kwelikweli ndani ya hotipoti, au usipeleke.

Sasa vyakula vinavyopenda kusubiri. Maharage, dengu, na nyama ya mchuzi yenye kano na utando. Hii ya mwisho ikichemka polepole kwa muda mrefu, utando wake unayeyuka na kuufanya mchuzi uwe mzito, na ikilala usiku mmoja chumvi na viungo vinapata nafasi ya kuingia. Kiporo cha maharage hakihitaji mtetezi. Kwa kuku, chukua mapaja. Kidari kikipashwa mara ya pili kinakauka. Angalia pia mafuta: ya ng'ombe na kondoo huganda chakula kikipoa, yakashika kaakaa. Ukilaza mchuzi kwenye friji, asubuhi yake utayakuta yameganda juu. Yaondoe kwa kijiko.

Lakini kulaza chakula kuna namna yake. Sufuria kubwa iliyojaa mchuzi, ukiifunika na kuiacha jikoni, katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Kuna bakteria, Clostridium perfringens, anayestawi hapo hapo, kwenye nyama nyingi inayopoa taratibu. Gawanya mchuzi kwenye vyombo vipana, kina cha sentimita 5 hivi, kisha friji. Kipimo ninachofuata ni kushuka kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, halafu hadi 5 ndani ya saa 4 nyingine. Siku ya shughuli, upashe mpaka nyuzi 74. Baada ya hapo, chakula kinachoharibika kisikae kati ya nyuzi 5 na 60 zaidi ya saa 2, na kukiwa na joto la kupita nyuzi 32, saa 1 tu. Kipimajoto cha jikoni ni kidogo na hakisumbui. Sielewi kwa nini wapishi wengi wa nyumbani hawanacho.

Mimi mwenyewe nikialikwa, mara nyingi napeleka saladi ya kabichi. Haina haja ya jiko la mtu, na haidai kuliwa ya moto. Siri iko kwenye maji. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye mboga, kwa hiyo saladi iliyotiwa chumvi saa mbili kabla itafika inaogelea. Basi yatoe maji hayo wewe mwenyewe mapema. Kata kabichi nyembamba sana, nyunyizia kijiko cha chai cha chumvi kwa kila nusu kilo, isugue kwa mikono mpaka ilegee, iache nusu saa. Utaona maji yamejikusanya chini ya bakuli. Ikamue kwa ngumi, mwaga maji, ndipo utie limau, mafuta na karoti. Nyanya zisubiri mpaka unapokaribia kuandaa. Na onja ikiwa ya baridi, si ikiwa imetoka mikononi mwako, kwa sababu ubaridi hupunguza ladha na huenda ikataka limau zaidi.

Kuhusu mayonezi, inasingiziwa mengi. Ile ya dukani ina siki ya kutosha. Anayeleta balaa mara nyingi ni kiazi, yai au kuku aliyechanganywa humo akiwa vuguvugu na kuachwa mezani. Ya kutengeneza nyumbani kwa mayai mabichi, hiyo sipeleki popote.

Kiasi? Watu hupika kupita kiasi. Vyakula vikiwa kumi mezani, mtu anachota kijiko kimoja au viwili vya kila kimoja, tuseme gramu 80. Kwa watu 20 hiyo ni kilo 1.6. Huhitaji sufuria ya harusi.

Chakula kisihitaji kisu, kwa kuwa anayekula ameshika sahani mkono mmoja. Nyama ikatwe nyumbani. Beba upawa wako, kwani wa mwenyeji utakuwa tayari umo kwenye mchuzi wa mtu mwingine. Halafu andika kwenye kikaratasi vitu vilivyomo kwenye chakula: karanga, korosho, ufuta, maziwa, mayai, ngano, soya, samaki, kamba. Karanga zilizosagwa ndani ya mchuzi hazionekani kwa macho, na kwa mwenye mzio kijiko kimoja kinatosha kumlaza hospitali. Mpigie mwenyeji simu siku moja kabla, umuulize kama friji ina nafasi na kama kuna jiko la kupashia. Akisema hakuna, rudi kwenye kabichi. Na kilichobaki mezani baada ya saa zile mbili, hata kama bado kinanukia, usikifungashe kwenda nacho nyumbani.