Kinga imejaa kwenye uvimbe, mbona saratani inaendelea kukua?

Tezi ya shingo imevimba. Uvimbe wote ni saratani?

Kwa limfoma ya Hodgkin, saratani inayoanzia kwenye tezi za limfu, la. Seli zenyewe za saratani, ziitwazo Reed-Sternberg, mara nyingi hazifiki 5 katika kila seli 100 za uvimbe. Nyingine ni za kinga: seli T, makrofaji, eosinofili. Zimejaa tele, na hazifanyi kitu.

Nani kaziita, na nani kazizuia?

Saratani yenyewe, kwa kutumia protini. Reed-Sternberg humwaga CCL17, inayovuta seli T zenye kipokezi cha CCR4, zikiwemo seli T dhibiti ambazo kazi yao ni kupoza kinga. Huongeza IL-10 na TGF-beta, protini za kutuliza kinga, na makali ya seli zilizosalia hupungua.

Protini iliyo muhimu kuliko zote ni PD-L1. Hukaa juu ya utando wa seli ya saratani, ikakamata PD-1, kipokezi kilicho juu ya seli T, na seli T ikasimama kama gari lililokanyagiwa breki. Mtu mzima wa afya anaihitaji breki hiyo, vinginevyo kinga ingeushambulia mwili wenyewe. Tatizo la Hodgkin ni kwamba eneo la 9p24.1 kwenye kromosomu ya 9, lenye jeni za PD-L1 na PD-L2, aghalabu huwa na nakala za ziada, hivyo protini hizo hutengenezwa kupita kiasi.

Kwa nini daktari hataki kutumia sindano nyembamba tu kuchukua sampuli ya uvimbe?

Kwa sababu sindano hunyonya seli chache, tena zilizokwisha kutengana, na zinazotafutwa ni adimu. Ni afadhali tezi itolewe nzima. Kwa vipimo vya kupaka rangi protini, sampuli hutiwa kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo wake ukiwa takriban mara 10 ya sampuli, kwa saa 6 hadi 72. Muda ukiwa mfupi mno, protini iliyopo inaweza isionekane, na jibu likapotosha.

Breki hiyo inaachiwaje?

Nivolumab na pembrolizumab ni kingamwili za maabara zinazoifunika PD-1, PD-L1 ikakosa pa kushika. Mwezi Mei 2016, Marekani iliidhinisha nivolumab kwa Hodgkin iliyorudi baada ya matibabu. Gharama yake kwa mwili ni kwamba kinga iliyofunguliwa inaweza kugeukia utumbo, mapafu, ini au tezi ya thairoidi, hata miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Ukipata kikohozi kipya, pumzi ikikupaa, au ukiharisha mara 4 au zaidi kwa siku kupita kawaida yako, toa taarifa siku hiyohiyo. Usinywe dawa ya kuzuia kuhara ukangoja kuona itakuwaje.

Dawa hizo zinafaa pia kwa mayeloma, saratani ya seli za plazma (seli zinazotengeneza kingamwili)?

Hapa wengi hukosea. Mayeloma hukaa ndani ya uboho, ambako seli za jirani huishikilia kwa protini ya CXCL12 na kuilisha kwa protini nyingine, IL-6 na APRIL. Mwaka 2017, majaribio ya kuchanganya pembrolizumab na dawa za mayeloma yalisimamishwa Marekani kwa kuwa waliopewa mchanganyiko huo walikufa zaidi. Shabaha ya dawa inayofaa zaidi ni BCMA, protini iliyo juu ya seli za mayeloma. Nayo ina hila yake: kimeng'enya kiitwacho gama-sekretesi huikata, vipande vikaelea kwenye damu na kunasa dawa kabla haijafika kwenye seli.

Basi nipunguze kula protini?

Usipunguze. Protini ya chakula huvunjwa tumboni na kwenye utumbo kuwa asidi amino. Wingi wa PD-L1 huamuliwa na jeni na ishara zinazoifikia seli. Ukijinyima, kitakachopungua ni misuli. Mgonjwa wa saratani anahitaji zaidi ya gramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikiwezekana hadi 1.5, mwenye kilo 60 ni gramu 60 hadi 90. Kama figo zimeathirika, jambo la kawaida kwenye mayeloma, kiasi hicho kipangwe na daktari.